Mwiko Uliolala Kwenye Buti

Sekondari yangu niliisoma jioni, nikiwa na ndevu. Darasani tulikuwa na akina mama wawili waliosinzia kwa zamu, dereva mmoja wa lori aliyekuja na viatu vya theluji mwaka mzima, na mimi, ambaye kwa maelezo yangu mwenyewe nilikuwa nyota wa darasa. Cheti kilipotoka nilikitundika juu ya televisheni ili mgeni asikikose. Kwa hiyo nilipopata kazi ya mpishi msaidizi katika shule ndogo ya sekondari ya Kiyahudi, upande wa magharibi wa Minneapolis, niliwatangazia watu wa kanisa letu kule Brooklyn Park kwamba nimeajiriwa katika sekta ya elimu. Sikudanganya. Elimu haiendi bila supu.

Jiko la shule ile lilikuwa na sheria nyingi kuliko uwanja wa ndege. Chakula kilipaswa kuwa kosher, yaani halali kwa dini yao, na uhalali huo haukuishia kwenye nyama tu, uliingia hadi kwenye vijiko. Vyombo vya nyama vilikuwa na alama nyekundu, vya maziwa alama ya buluu, na ukivichanganya ni heri uchukue koti lako uondoke kabisa. Chombo cha kutoka nje hakikuingia. Wiki ya kwanza nilikuja na kijiko changu cha kukorogea chai, nikasindikizwa nacho hadi mlangoni kwa heshima zote.

Kubwa kuliko zote: mimi, mpishi, sikuruhusiwa kuwasha jiko. Kukata, kumenya, kukoroga, kuonja, ruksa. Lakini moto wenyewe ulitakiwa uwashwe na mkono wa Myahudi, ndivyo desturi yao ilivyo. Basi kila asubuhi nilisimama mbele ya jiko na aproni yangu kama bwana harusi anayemsubiri bibi harusi, mpaka aje msichana mmoja wa mwaka wa mwisho aliyejitwalia kazi hiyo. Alikuja na mkoba mgongoni, nywele bado zina maji, akazungusha kitufe, moto ukashika.

"Haya Shefu, uko hewani," alikuwa akiniambia, kama mtangazaji wa redio. Halafu anakimbilia darasani.

Nilizoea haraka kuliko walivyotarajia. Nyumbani nako nilikuwa siwashi jiko, ila kule hakukuwa na sheria. Kulikuwa na mke.

Hili sikulisema shuleni. Shuleni nilisema mengine. Wanafunzi walikula chakula cha mchana pamoja wote, shule nzima ikienea kwenye ukumbi mmoja, na wakimaliza waliimba sala ya kushukuru kwa chakula huku wanapiga meza kwa viganja. Shule yangu ya jioni haikuwa na kitu kama hicho. Sisi tulimaliza somo tukakimbilia magari kabla hayajaganda. Kufika Novemba nilishaujua ule wimbo wote bila kujua maana ya neno hata moja, nikawa naupigia kifuniko cha sufuria. Wakanipenda, na mtu akinipenda mdomo wangu hufunguka wenyewe.

Niliwaambia kwamba kila jioni nikifika nyumbani nasonga ugali. Kwamba familia yangu haiwezi kulala bila ugali wa mkono wangu. Kwamba ugali huo ni mgumu kiasi kwamba siku moja tonge lilianguka sakafuni na jirani wa chini akapiga simu polisi. Na kwamba nina mwiko niliokabidhiwa na mama mzazi, mrefu kama kasia, uliowahi kulisha harusi tatu kwa siku moja. Hilo la mwiko lilikuwa kweli, ukiondoa harusi mbili.

Sasa kila mwaka, majira ya baridi yakielekea mwisho, shule ile iliandaa mchezo wa nyimbo. Shule ilikuwa ndogo sana hata mtu hakuweza kukataa kuigiza. Aliyekataa kuimba aliambiwa awe mti. Mwaka ule, katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, wanafunzi waliutunga wenyewe: mpishi wa mfalme anafukuzwa ikulu kwa kumwambia mfalme kwamba supu haina chumvi, anazunguka dunia akipikia maskini, mwishoni mfalme anamtafuta kwa njaa. Walinzi wa ikulu walikuwa timu nzima ya mpira wa kikapu. Mandhari yalichorwa na darasa la biolojia, ndiyo maana milima ilikuwa na mishipa. Na mpishi wa mfalme alikuwa yule yule msichana wangu wa kuwasha jiko.

Alinifuata jikoni. "Shefu, nahitaji kijiko kikubwa cha kukorogea jukwaani. Kinachoonekana hadi viti vya nyuma."

"Kijiko?" nikasema. "Binti yangu, mimi nitakuletea mwiko."

Kesho yake niliuleta. Rabi wa shule, ambaye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa jiko letu, aliutazama, akauliza kama unapikia nyumbani, nami nikajibu kwa majivuno: kila siku, mboga, nyama, chochote. Akasema basi jukwaani sawa, jikoni hapana. Alikuwa kijana mwenye miwani na subira nyingi, na aliisema kwa upole. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia.

Tangu siku hiyo nikajipa cheo cha mkurugenzi msaidizi. Baada ya kuosha masufuria nilikuwa naingia ukumbini kumfundisha msichana jinsi ya kusonga: miguu atanue, mgongo unyooke, nguvu itoke kiunoni. "Unakoroga kama unatafuta sarafu kisimani," nilimwambia. "Ugali unagandamizwa, haubembelezwi!" Timu nzima ya mpira wa kikapu ikajaribu, mmoja mmoja, hewani. Sijawahi kuwa na wanafunzi wengi hivyo. Ijumaa tulimaliza mapema, maana Sabato yao huingia jua likizama, na mimi nilijikuta Jumamosi nzima nina hamu ya Jumapili ifike tufanye mazoezi.

Ila kila jioni niliuchukua mwiko wangu. "Uache hapa tu, Shefu," mwanafunzi mmojawapo alisema. "Nani atauiba?"

"Niuache? Watoto wangu wale nini leo?"

Wakaniomba niwaombee radhi kwa watoto wangu. Nikatoka na mwiko begani kama bunduki, nikafika kwenye maegesho, nikautupa kwenye buti la gari, nikaenda nyumbani kula wali alioupika mke wangu kabla hajaingia shifti yake ya kuhudumia wazee. Mwiko ulilala butini. Asubuhi ulitoka umepigwa na baridi, mgumu kama reli, ukarudi kazini.

Ikaja habari iliyonikosesha usingizi kwa furaha. Kamati ya wazazi iliamua kwamba Jumapili, jioni ya mchezo, kabla pazia halijafunguliwa, wageni wote wale ugali. Watoto walikuwa wamesimulia nyumbani kwao, wazazi wakataka kuuona huu ugali unaoita polisi. Mpishi mkuu, mama mmoja mkali ambaye chini yake nilikuwa nimemenya viazi vya kutosha kujaza ziwa, alikuwa na mapumziko Jumapili hiyo. Alininyooshea kidole: "Jiko ni lako. Usinivunjie kitu."

Hebu mnielewe. Mwaka mzima sikuwa nimepika hata chungu kimoja ambacho mtu angeweza kusema ni changu. Nilikuwa msaidizi wa supu za watu. Na sasa ukumbi mzima, wazazi, mababu, majirani, wangekula kitu nilichokipika mimi, kwa jina langu, katika sekondari ya mchana. Nikamwalika mke wangu na binti yetu mdogo. Nikaalika pia kanisa, bahati nzuri wengi walikuwa kazini.

Jumapili alasiri msichana akaniwashia jiko akiwa tayari amevaa kofia ya mpishi wa mfalme. "Uko hewani, Shefu. Leo sana." Rabi alikagua unga na mboga, akaridhika, akaenda ukumbini kupanga viti. Mboga zikaiva vizuri upande wa pili. Maji ya ugali yakachemka kwenye sufuria ambayo ungeweza kumbatiza mtu mzima. Nikamimina unga, nikachukua kijiko kikubwa cha chuma cha shule, nikasonga.

Kijiko kikapinda.

Nikachukua cha pili. Kikapinda kuliko cha kwanza, kikabaki kinanitazama kama kimeumbwa kuvulia samaki. Na ugali haungoji mtu. Yeyote aliyewahi kuusonga anaijua ile dakika: ukiuacha, chini unaungua, juu unakuwa uji, katikati madonge kama ngumi. Jasho likanitoka. Nikautazama mlango wa ukumbi. Pale karibu, kwenye meza ya vifaa vya mchezo, kati ya taji la mfalme na kuku wa mpira, ulikuwa umelala mwiko wa mama yangu.

Ningependa kusema nilipigana na nafsi yangu. Sikupigana. Mikono ilishafika kabla ya akili. Nikauosha kwa maji moto na sabuni mara mbili, nikajiambia kwamba mwiko huu umekaa shuleni kuliko wanafunzi wengine, umeshapata uraia. Nikauzamisha sufuriani.

Jamani, ulivyosonga! Ugali ukanyooka, ukang'aa, ukaanza kuachana na kuta za sufuria kwa hiari yake. Nikaimba ule wimbo wa kushukuru kwa chakula huku nikisonga. Hapo ndipo msichana alipoingia kutafuta kifaa chake cha jukwaani.

"Shefu, umeona mwi—" Akautazama mwiko, akaitazama sufuria. "Huo ndio ule wa kwenu?"

"Ndio wenyewe!" nikasema, bado naimba.

"Ule unaopikia nyama kila siku?"

Nikaacha kuimba. Usoni mwake hakukuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Alikuwa ananihurumia akiwa amevaa kofia ya karatasi.

"Kamwite rabi," nikamwambia.

Rabi alikuja na kiti cha plastiki bado mkononi. Hakupiga kelele. Alikiweka chini, akakikalia, akavua miwani. Akaeleza polepole, na mimi nilimwelewa vizuri kabisa, maana nilikuwa na haja ya kuelewa. Mwiko uliopikia chakula kisicho kosher hubeba ladha yake ndani ya mti. Kama umeguswa na chakula cha moto jana usiku, ladha hiyo bado ni hai, na sufuria nzima ya ugali huu itaishia kwenye pipa. Lakini kama imepita siku nzima na zaidi tangu utumike, ladha imechakaa. Kosa limeshafanyika, ila chakula kinaweza kuliwa.

"Kwa hiyo nijibu, rafiki yangu. Mara ya mwisho umeupikia lini?"

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. "Kiangazi! Sherehe ya kanisa, supu ya mbuzi. Tangu hapo haujagusa moto!"

Rabi akamtazama msichana. Msichana akautazama ukuta.

"Lakini kila jioni uliupeleka nyumbani," rabi akasema. "Watoto wasilale njaa."

"Uliniambia hata juzi," msichana akaongeza taratibu. "Ulisema mlikula mpaka mkashindwa kusimama."

"Nilikuwa naongea tu!"

"Na jirani wa chini?"

"Hatuna jirani wa chini. Chini kuna mashine za kufulia."

Mwaka mzima nilikuwa nimewapa watu hawa maneno ya kupendeza, wakayaamini yote. Sasa nilikuwa na neno moja la kweli, halina pambo, na hapakuwa na wa kulinunua. Rabi alikunakuna ndevu zake. Alisema mtu anayetaka chakula chake kiokoke si shahidi mzuri, hata angekuwa yeye mwenyewe. Kuna mtu mwingine anayejua mambo ya nyumbani kwangu?

"Mke wangu. Yuko njiani anakuja."

"Mpigie, tumsikie sote. Ila usimwambie kwa nini tunauliza. Mtu akijua unachokitafuta, jibu linapinda."

Nikapiga, simu ikawekwa sauti juu. Mke wangu alikuwa ameegesha kituo cha mafuta. Rabi akajitambulisha kwa Kiingereza, akamwambia kwamba mumewe yuko salama, ila yeye rabi angependa kujua: je, mumewe hupika nyumbani?

Mimi namjua mwanamke huyu. Nilisikia kabisa akili yake ikifanya kazi: rabi ndiye bosi, bosi anauliza kama mume wangu anajua kupika, kazi iko hatarini.

"Kupika?" akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, kile anachowatolea madaktari. "Mheshimiwa, mume wangu hupika kila siku ya Mungu. Hata jana amepika. Mimi jikoni siingii."

Rabi akafumba macho. Nikaingilia kwa Kiswahili: "Mama Watoto, sema ukweli tu."

"Wewe nyamaza, Baba Watoto," akanijibu kwa Kiswahili, kwa kunong'ona kulikosikika hadi ukumbini. "Nikuaibishe mbele ya mkubwa wako? Niachie mimi."

"Niaibishe! Nakuomba uniaibishe!"

"Wamekufanya nini huko?"

Rabi akauliza tena, kwa upole ule ule, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: mume hupikia ule mwiko mkubwa?

"Ule wa butini?" akacheka. "Hapana, ule hapana, ule unanisumbua tu. Nikiendesha gari wikendi, kila nikikata kona, gongo! Tangu theluji ianze nimemwambia autoe. Hupikia... anapikia mwingine. Mdogo. Mzuri sana."

Na hapo nyuma yake ikasikika sauti ya binti yetu wa miaka sita, ambaye ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu na kukujibu kwa Kiingereza. "Mama, baba hapiki. Baba hajui hata jiko letu linawashwaje. Ile siku ulikuwa kazini tulikula mkate na ketchapu."

"Wewe mtoto!"

Rabi akashukuru, akakata simu, akatoka nje kwenye theluji kumpigia rabi mkubwa wake, maana hata marabi wana wakubwa wao. Kupitia dirishani tulimwona akieleza kwa mikono: akaonyesha urefu wa mwiko, akaonyesha kona ya gari, akaonyesha mkono wa mtu anayepaka ketchapu kwenye mkate. Halafu akainama, nikadhani analia. Kumbe anacheka.

Akarudi amefuta miwani. "Mke anakutetea," akasema. "Mtoto hatetei mtu. Chakula kinaliwa. Sufuria tutaitakasa baadaye kwa kuichemsha. Mwiko wako una ufa, hausafishiki. Hautaingia tena jikoni humu." Akanigusa bega. "Na nakuomba, kwa faida ya wote, uendelee kuwa mvivu hivyo hivyo nyumbani mpaka watu wamalize kula."

Basi wageni wakala. Kabla ya kula, kwa sababu habari ilishawafikia wazazi wote, rabi alilazimika kusimama na kuwaeleza kwa nini chakula kinaruhusiwa. Alijaribu kuisema kwa staha, lakini hakuna staha ya kusema jambo lile. Ukumbi mzima ulijua kwamba unakula kwa kibali cha uvivu wangu. Kila sahani iliyopita ilikuwa ushahidi. Babu mmoja alinishika mkono akaniambia, "Kijana, asante sana kwa kutopika." Wakarudia kuchukua mara ya pili, mpaka sufuria ikakwanguliwa na ukoko wake.

Mke wangu alifika wakati wa sahani za mwisho. Alikaa, mikono kifuani, akiwa ameshaelezwa yote na mama mmoja wa kamati.

"Umenifanya muongo mbele ya mchungaji wao," akaniambia.

"Ulijifanya mwenyewe. Nilikuomba."

Nikamsogezea sahani. Alimega, akachovya, akatafuna huku ananitazama. Akamega tena. Halafu akasema kitu ambacho nilikitaka na kukiogopa kwa wakati mmoja: "Kumbe unajua."

Taa zikazimwa, mchezo ukaanza. Timu ya mpira wa kikapu ililinda ikulu kwa kofia zilizowafika puani. Na mpishi wa mfalme alipotokea kijijini kwa maskini, akautoa mwiko wa mama yangu, ukumbi ukalipuka makofi kabla hajafungua mdomo. Alisubiri, kama msanii wa kweli. Alitanua miguu, akanyoosha mgongo, nguvu ikatoka kiunoni, na akasema sentensi ambayo haikuwa kwenye mchezo: "Msiogope, enyi maskini! Mwiko huu haujapika tangu kiangazi!"

Binti yangu alisimama juu ya kiti akapunga mkono, maana alijua ni yeye aliyewapa habari hiyo.

Mwiko ulibaki shuleni, kwenye kabati la vifaa vya mchezo, kati ya taji na kuku wa mpira. Nilienda nyumbani na buti tupu, mke wangu akakata kona zote bila kelele.

Jumatatu jioni niliporudi kutoka kazini nilimkuta mke wangu anavaa viatu vya shifti. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria, maji ndani, unga pembeni, na ule mwiko mdogo, mzuri sana. Moto haukuwashwa. Nikanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Acha," akasema, akichukua funguo za gari. "Wewe huruhusiwi. Ngoja mwenye mamlaka aje akuwashie."

Binti yetu akatoka chumbani na mkoba wake wa shule mgongoni, mtupu, ameuvaa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Akapanda kwenye stuli, akazungusha kitufe, moto ukashika. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, bila kulazimishwa na mtu, akanijibu kwa Kiswahili.

"Haya, baba. Pika."